Funda la Maji

Jumatatu, 7 Machi 1994

Nimekamua ng'ombe peke yangu tena. Baba Tumpe yuko kanisani tangu alfajiri. Kwaresima hii wazee wa kanisa wana zamu ya kufungua milango na kuongoza sala ya asubuhi, na yeye zamu yake haimtoshi, anachukua na za wenzake. Kabla ya kutoka kanikumbusha nichemshe maziwa vizuri. Maziwa nayachemsha tangu Tumpe hajazaliwa, na Tumpe sasa ana watoto wake huko Mbeya.

Ukungu mzito. Mabati ya Gwakisa ng'ambo ya mtaro hayaonekani kabisa. Siku za jua yanatupiga machoni mpaka chai tunaikunjia uso. Baba Tumpe alihamishia kiti chake upande wa pili wa nyumba. Anasema ni sababu ya upepo.

Gwakisa ni mdogo wake, tumbo moja. Mtu akikohoa kwao, sisi tunasikia. Huu mwaka wa tatu Baba Tumpe hajavuka mtaro.

Mchana kaja Mama Lugano, mke wa Gwakisa. Wamerudishwa nyumbani kutoka hospitali. Gwakisa ana ugonjwa wa ini. Tumbo limejaa maji, wameyatoa, yamejaa tena. Wameambiwa wampe anachotaka kula. Alinieleza hayo huku akinichambulia maharage, mikono haikusimama hata kidogo. Nimelia mimi, si yeye.

Jumatano, 9 Machi

Nimekwenda kumwona. Uso umebaki mifupa. Macho ya njano. Tumbo limevimba chini ya blanketi. Bado ana utani wake. Kaniambia, shemeji, nimenenepa sehemu moja tu, nyingine zimekataa.

Halafu akawatoa watoto nje, akasema lile alilotaka kusema. Anamtaka kaka yake aje apulize maji.

Nililijua. Nimeolewa katika ukoo huu, nimeona. Mkubwa akiwa na kinyongo na mtu wa damu yake, kinyongo kinamkalia yule mtu, na akiugua ndiyo hakiondoki. Mkubwa anaitwa. Anakaa mbele ya watu, anasema hasira yake yote bila kubakiza. Anagombeza, anataja kila kitu. Akiisha anabeba funda la maji mdomoni, anapuliza chini. Basi. Neno limekwisha, hakuna wa kulifufua. Baba yao aliwafanyia hivyo watoto wake, na alikuwa Mkristo wa kubatizwa, kitabu cha nyimbo hakikumtoka kwapani.

Gwakisa kasema, "Sitaki aniombee. Nasikia ananiombea kila Jumapili. Nataka aje anigombeze."

Sasa baba yao hayupo. Mdomo wa baba umebaki kwa mtu mmoja, naye ni mume wangu.

Alhamisi, 10 Machi

Nimemwambia baada ya chakula, akiwa ameshiba. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifuta mdomo, akasema yeye hana hasira na mtu. Mkristo hana hasira. Alishamsamehe Gwakisa siku nyingi, mbele za Mungu, na Mungu ni shahidi. Na hayo ya kupuliza maji ni ya kipagani. Yeye mzee wa kanisa, akapulize maji kama mganga? Kondoo watasemaje?

Nikamwambia basi nenda ukamsalimie tu. Akasema atakwenda Roho akimwongoza.

Roho anamwongoza kila mahali, isipokuwa ng'ambo ya mtaro. Nilitaka kumrushia sufuria.

Ijumaa, 11 Machi

Mvua mchana kutwa. Siwezi kupalilia. Nawaza tu.

Chanzo ni kahawa. Marehemu baba mkwe alipanda mikahawa mstari mrefu kando ya mtaro, upande ambao baadaye aliupata Gwakisa. Baba Tumpe alikuwa mtoto. Ndiye aliyekuwa akichota maji kijitoni kunyweshea ile miche kiangazi. Kaniambia hilo mara moja tu, tulipokuwa bado wachumba. Sijawahi kulisikia tena.

Akaja kuwa katibu wa chama cha msingi. Kahawa yote ya huku ilipita kwenye mizani yake. Kung'oa mkahawa lilikuwa kosa, mtu alipelekwa kata. Kisha mambo yakageuka. Bei ikaanguka, wakaja watu na pikapu zao kununua kwa bei wanayotaka, chama kikafa. Ghalani mwake leo wanauza soda na mitumba. Katika mwezi ule ule ambao mizani iliondolewa, Gwakisa akashika jembe, akang'oa mikahawa ya baba yao, akapanda ndizi. Hakumuuliza kaka yake. Malori ya Dar yakaja. Mwaka uliofuata akaezeka mabati.

 Kila mtu na shamba lake, ndivyo alivyosema Baba Tumpe. Siku ile hakula. Na tangu siku ile hajala chochote kilichopikwa ng'ambo, hata ndizi nikiletewa ananiuliza zimetoka wapi.

Ana hasira mpaka kwenye kucha. Haioni. Hilo ndilo linalonichosha. Mtu mwenye hasira anayeijua, unaweza kumshika mkono. Huyu unamshika wapi?

Jumapili, 13 Machi

Kanisani. Kaongoza sala ya wagonjwa. Kamtaja Gwakisa wa kwanza, ndugu yetu mpendwa aliyelala kitandani. Sauti ikatetemeka vizuri. Wanawake wa benchi la mbele wakafuta macho. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nyani haoni kundule. Lakini huyu wangu hata ukimgeuza umwonyeshe, atasema ni la mwenzake.

Jumanne, 15 Machi

Nimeshuka Tukuyu mjini, mtaa wa Bagamoyo, kwa fundi Shaibu, kupeleka koti la Baba Tumpe. Anataka libadilishwe bitana kabla ya Pasaka. Fundi Shaibu ni Mwislamu, baba yake alikuja zamani kutoka pwani na cherehani moja, wakabaki. Ndiye aliyemshonea Gwakisa suti ya harusi, wakawa marafiki mpaka leo.

Kumbe Ijumaa alipotoka msikitini alipanda mpaka huku kwetu Kisondela kumwona Gwakisa. Kwa miguu, mvua ile. Alimpelekea machungwa. Kaniuliza, "Kaka mtu keshafika, mama?"

Nikasema bado.

Akaligeuza koti, akakata uzi kwa meno. Akasema koti litakuwa tayari, hilo halina shida.

Nimepanda mlima na aibu yangu. Si yangu, lakini nimeibeba mimi.

Alhamisi, 17 Machi

Nimekwenda kwa Mchungaji. Bado kijana, mwaka jana tu ndiyo kaletwa kwetu, ana adabu. Nimemweleza yote. Ya maji pia. Nilidhani atanikemea kwa habari ya maji. Hakunikemea. Alisema kama maji ni tatizo, maji yaachwe. Aende tu amshike mkono, aseme lililo moyoni, wasali. Atakuja mwenyewe kuzungumza naye.

Nimerudi mwepesi. Nimempikia Baba Tumpe ndizi za maziwa, kama mjinga.

Jumamosi, 19 Machi

Mchungaji kaja. Nikatoa chai na maparachichi. Nikakaa jikoni, mlango nimeuacha wazi.

Kamuuliza, "Mzee, kuna neno lolote kati yako na Gwakisa?" Baba Tumpe kajibu bila kufikiri, "Hakuna, Mchungaji. Nilishamsamehe siku ile ile." Mchungaji akasema, basi vizuri, tutoke sasa hivi twende tukamsalimie. Baba Tumpe akasema twende. Nikasikia kiti kinasogea. Nikashika ukuta.

Halafu akakumbuka kikao cha kamati ya ujenzi. Wajumbe wanamsubiri. Akasema Jumatatu. Jumatatu bila kukosa.

Kwetu, kabla ya Meza ya Bwana kila mshiriki anazungumza kwanza na Mchungaji, anasema kama ana ugomvi na mtu. Mwenye ugomvi anakwenda kupatana kwanza. Mchungaji kaona hapo hapo mazungumzo yamekwisha. Neno hakuna, mzee kasema mwenyewe. Kamwambia tutaonana mezani. Wakasali. Baba Tumpe kasali muda mrefu, kaombea watu wenye mioyo migumu.

Nilikuwa nimeshika kisu cha parachichi. Mungu anisamehe niliyoyawaza.

Jumatatu, 21 Machi

Hakwenda.

Jumatano, 23 Machi

Leo nimefanya jambo la kipuuzi. Nilimkuta Gwakisa anahema kwa shida, Mama Lugano anamwegemeza. Mwenyewe haachi kutazama mlangoni. Kila anayeingia anamtazama kwanza, halafu anateremsha macho. Nikashindwa. Nikachukua kikombe, nikateka maji, nikasema mimi nitasema kwa niaba ya kaka yake. Nikasema yote. Kwamba ulimuumiza kaka yako. Kwamba ulimfanya mdogo mbele ya watu, yeye aliyekuwa katibu. Kwamba ungemuuliza tu, neno moja tu. Nikabeba maji, nikapuliza sakafuni.

Gwakisa akatabasamu. "Ndaga fijo, shemeji. Asante sana. Lakini mdomo wako si wa baba."

Mama Lugano akachukua kitambaa, akafuta maji. Hatukutazamana.

Kisha Gwakisa akasema kitu kingine. Kwamba alikosea. Kwamba alijua anakosea hata alipokuwa ameshika jembe. Watoto walikuwa watatu sekondari na kahawa hailipi hata sabuni. Hajui kwa nini hakuuliza. Aliogopa kukataliwa. Akisikia kaka yake anayasema haya kwa hasira, atajibu, ndiyo, nilikosea. Lakini hawezi kumwomba radhi mtu anayesema hakukosewa.

Nimerudia maneno hayo njiani nisiyasahau. Jioni nimemfikishia Baba Tumpe, kama yalivyo. Alikuwa anasoma. Akasema, "Umeona? Dhamiri inamsumbua. Atubu kwa Mungu." Akafunua ukurasa.

Jumapili, 27 Machi. Matawi

Mchungaji kahubiri moyo mgumu. Farao. Mapigo yale yote, na kila pigo moyo unazidi kukauka. Akasema Farao hakuwa mjinga, alikuwa na macho, aliona vyura, aliona damu, lakini kila alichokiona alikiona kama kinamhusu mwingine. Akasema aliye hatarini zaidi ni aliyezoea kukaa karibu na madhabahu.  Alitazama benchi la wazee. Watu wakakohoa. Nilijua kwa nini kahubiri hivyo, na ninaamini hata vipofu wa kweli mle ndani walijua.

Baba Tumpe alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, leo. Leo limeingia.

Njiani kuja nyumbani alikuwa mchangamfu. Matawi mkononi. Akasema, "Leo Mchungaji kampiga Gwakisa barabara. Bahati mbaya tu hakuwepo."

Nimesimama barabarani. Yeye kaendelea kutembea.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikuwa nausema huu msemo ovyo. Sasa naujua.

Jumanne, 29 Machi

Leo alikwenda. Niandike taratibu.

Mama Lugano alikuja asubuhi, safari hii hakuingia jikoni. Alipiga magoti uani mbele ya Baba Tumpe, kwenye matope. Alisema, "Tata, baba yangu, nakuomba. Hafiki Pasaka."  Akainuka akaenda.

 Baba Tumpe akavaa buti. Akachukua Biblia, akairudisha mezani, akachukua tena. Akatoka. Sikumuuliza, niliogopa nikifungua mdomo nitaharibu. Nilisimama nyuma ya banda la ng'ombe nikamwangalia anashuka katikati ya migomba yetu.

Alifika mtaroni. Kando pale pana kisiki kimoja cha mkahawa ambacho Gwakisa hakukimaliza, mwaka huu kimechipua. Baba Tumpe alikiona. Akapiga magoti, akashika majani. Nilimwona mgongo tu. Nikasema, Bwana, sasa, mvushe sasa. Mtaro wenyewe mtoto anauruka.

Ng'ambo watu wakatoka mlangoni. Fundi Shaibu na wanaume wengine wawili wa sokoni, wamekuja kumwona mgonjwa. Wakamwona. Fundi Shaibu akamwinulia mkono. Baba Tumpe akainuka, akajipangusa magoti, akawainulia mkono na yeye. Akageuka, akarudi.

Akaniambia, "Wana wageni. Nitakwenda kukiwa kimya."

Nililia mbele yake, bila kujificha. Akanipa leso yake. Alinionea huruma. Hakujua ninalia nini.

Alhamisi Kuu, 31 Machi

Meza ya Bwana jioni. Kanisa limejaa. Baba Tumpe kashika kikombe, kapita benchi kwa benchi pamoja na Mchungaji. Mikono yake haitetemeki, ni mikono ya mkulima, mizuri. Ilipofika zamu yangu sikuweza kumtazama. Nimekunywa. Sijui kama nilistahili, maana nilikunywa nikiwa namchukia aliyeshika.

Mchungaji naye hakunitazama. Anajua. Baada ya ibada aliniambia pembeni kwamba hawezi kumzuia mtu anayeapa hana neno na ndugu yake, na huwezi kumpasua mtu kifua umwonyeshe. Ana uso wa mtu asiyelala. Nimemhurumia. Tuko wawili tusioweza kitu.

Mchana Mama Lugano alikuwa ametuma neno tena. Gwakisa haongei sana. Baba Tumpe akasema kesho, baada ya ibada ya Ijumaa Kuu, ataweka kila kitu kando. Kesho bila kukosa.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Amekufa.

Tulikuwa tunavaa kwenda kanisani. Nilisikia sauti ya Mama Lugano, moja tu, ndefu. Nikajua.

Baba Tumpe alitoka na kiatu kimoja. Aliuruka mtaro. Aliuruka kama kijana, hakuutazama hata. Nilipofika nilimkuta amelala juu ya Gwakisa, analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika nyumba yangu. Ndugu yangu, ndugu yangu. Wanaume watatu walimwondoa.

Akina mama waliokuwa wanafika wakasema, tazama upendo huo.

Mama Lugano alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Kaniambia mpaka mwisho macho yalikuwa mlangoni. Amejaribu kuyafumba mara mbili, hayakukubali.

Sijui kama maji yangemponya. Ini ni ini, mimi si mtoto. Lakini angekufa amelegea.

Jumamosi, 2 Aprili

Tumezika. Shamba lao lote limejaa watu, mvua kidogo, moshi wa kuni mbichi. Tumepika mpaka mikono imeungua. Kaburi liko karibu na la baba yao, pale penye mstari wa zamani wa kahawa. Wachimbaji walikuta mizizi, wakaikata kwa shoka.

Baba Tumpe alivaa koti lenye bitana mpya. Fundi Shaibu ndiye aliyelileta, alisimama nyuma na kofia yake mkononi mpaka mwisho.

Ikafika zamu ya msemaji wa familia. Baba Tumpe akasimama. Akaeleza maisha ya marehemu, alizaliwa lini, alibatizwa na nani. Kaeleza vizuri, yeye ana kipaji hicho. Halafu akasema, "Kati yangu mimi na ndugu yangu hakukuwa na neno. Ninamshukuru Mungu kwa hilo."

Nilikuwa nimemshika Mama Lugano mkono. Ule mkono ukawa mgumu kama mpini. Nilisubiri apige kelele. Nilitaka apige kelele. Hakupiga. Mchungaji alikuwa anatazama chini kwenye kaburi. Watu wote, karibu wote, walikuwa wanajua, na wote wakaitikia amina. Na mimi nimeitikia. Mdomo ulifunguka wenyewe.

Jumapili, 3 Aprili. Pasaka

Kwetu, alfajiri ya Pasaka kanisa zima linakwenda makaburini na taa, kuimba ufufuko kabla jua halijatoka. Mwaka huu walipanga wakitoka kwenye makaburi ya kanisani wapite na kwa Gwakisa, maana kaburi bado jipya.

Niliamka nikakuta kitanda kitupu upande wake. Nikaenda jikoni kuwasha moto. Kikombe cha bati, kile alichorithi kwa baba yake, hakikuwa kwenye msumari.

Nikashuka kupitia migomba. Sikuchukua taa.

Alikuwa amesimama kaburini. Kikombe mkononi. Anaongea. Mwanzoni nilidhani anasali, sauti ikiwa chini. Halafu nikaisikia, na haikuwa sauti ya sala. Alikuwa anagombeza.

"Hukuniuliza, Gwakisa. Hukuniuliza, gwe! Miche ile nilichota maji mimi. Mimi! Mgongo huu! Baba alinishika kichwa hapa hapa tulipo, akasema utaitunza. Mizani wameichukua, chama wamekiua, na wewe nawe ukaja na jembe. Nilikuchukia. Nilikuchukia mpaka kwenye mabati yako."

Nikashika mgomba. Nilisema kwa moyo wangu wote, endelea, Baba Tumpe, endelea, usibakize.

Akainua kikombe, akabeba funda. Mashavu yakajaa. Akainama juu ya udongo.

Ndipo wakatokea kwenye kona. Taa nyingi, Mchungaji mbele, kwaya nyuma yake, wanaimba ule wimbo wa kaburi tupu. Taa ya kwanza ikamfikia usoni. Alisimama wima na mashavu yake yamejaa maji. Walikuwa mbali bado. Alikuwa na muda. Nilimwona anawatazama, akatazama udongo, akawatazama.

Akameza.

Niliona koo linapanda na kushuka. Akakificha kikombe ndani ya koti. Kisha akafungua mdomo, akapokea wimbo kwenye kiitikio, na sauti yake ikawa juu kuliko zote. Watu walifurahi kumkuta pale. Wakasema mzee amewatangulia.

Nilirudi jikoni. Moto ulikuwa umezimika.

Jumatatu, 11 Aprili

Maharage ng'ambo yamevamiwa na magugu, nimekwenda kumsaidia Mama Lugano kupalilia.  Kanipa mkungu wa ndizi, nimeubeba kichwani mchana kweupe. Baba Tumpe kala zile ndizi jioni. Hakuuliza zimetoka wapi.

Kiti chake kakirudisha upande wa mtaro. Sala zake hazikomi, asubuhi na jioni, ila sasa anasali kwa kifupi. Kuna mahali anafika, anakatika, anasema amina.

Sijamwambia kwamba nilikuwa kwenye migomba. Nilikusudia kumwambia. Kila siku nakusudia. Nikimtazama naona mtu aliyepotelewa na kitu na hathubutu kukitaja jina, na sina neno la kumpa. Nilikuwa nalo la Gwakisa, nikalifikisha, halikusaidia.

Jioni jua likizama anachukua kile kikombe cha bati, anateka maji mtungini, anakwenda kusimama mlangoni, uso ng'ambo. Anakaa hivyo mpaka giza. Mimi naendelea na kazi zangu. Kisha anakuja, anakiweka mezani, anakwenda kulala.

Kikombe kinarudi kimejaa. Nayarudisha maji mtungini. Kisima kiko mbali, na njia inateleza.